Kosa la sindano huanzia mezani: ushauri kwa mwanafunzi wa uuguzi

Wanafunzi wengi wa uuguzi huingia wodini wakiogopa tendo lenyewe la kuchoma: mkono utatetemeka, mgonjwa atapiga kelele, sindano itagonga mfupa. Hofu hiyo ni ya kweli, ila inatazama upande mdogo wa kazi. Kuchoma huchukua sekunde chache na mkono huzoea upesi. Madhara makubwa ya dawa huwa yameshaandaliwa kabla ya hapo, kwenye meza ya dawa: kichupa kilichochukuliwa sicho, nukta imekaa pasipo pake, dawa ya msuli imevutwa kwa bomba la sindano linalokwenda mshipani, maji ya kuchanganyia si yale yanayotakiwa. Kwa hiyo tutakaa sana mezani kabla ya kugusa ngozi ya mtu.

Darasani utafundishwa zile sahihi tano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Vyuo vingine huongeza kumbukumbu sahihi na nyinginezo. Kuzitaja kwenye mtihani ni rahisi. Ugumu ni kuzigeuza ziwe mazoea ya macho na mikono saa 2 asubuhi, wodi imejaa na wauguzi wa zamu ni wawili.

Kariri mg, usikariri ml

Lebo husomwa mara tatu: unapotoa dawa kabatini, unapovuta, na kabla ya kutupa kichupa au kukirudisha. Soma jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wanafunzi husoma jina na tarehe, halafu nguvu wanaikisia kwa sababu "ni ileile ya jana". Hapo ndipo watoto wanapoumia.

Chukua jentamaisini. Ipo ampuli ya 2 ml yenye 80 mg, yaani 40 mg katika kila ml. Ipo pia ya 2 ml yenye 20 mg, yaani 10 mg katika kila ml. Ujazo ni uleule, na zote mbili ukizitazama ni maji tu. Mtoto mchanga wa kilo 3 aliyeandikiwa 5 mg kwa kilo anahitaji 15 mg. Kwa ampuli ya 20 mg utavuta 1.5 ml. Kwa ile ya 80 mg utavuta 0.375 ml, karibu 0.38 ml, tena kwa bomba la 1 ml. Wodi ikiwa imezoea ampuli za 20 mg, zikaisha, stoo ikaleta za 80 mg, muuguzi anayekumbuka "kilo tatu ni moja na nusu" atampa mtoto huyo 60 mg, mara nne ya dozi yake. Jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio, na usikivu uliopotea kwa dawa hii haurudi.

Kwa hiyo kichwani hifadhi mg. Ml hesabu upya kila unaposhika kichupa: dozi inayotakiwa, gawanya kwa kiasi cha dawa kilichomo, zidisha kwa ujazo kilimomo. Andika hesabu kwenye karatasi hata kama unaiona rahisi, kwa sababu iliyoandikwa mtu mwingine anaweza kuisahihisha. Kwa insulini, heparini, mofini, potasiamu, magnesiamu na dawa yoyote ya mtoto mchanga, muombe mwenzako ahesabu yeye mwenyewe tangu mwanzo, ndipo mlinganishe majibu. Ukimwonyesha jibu lako na kumuuliza "ni sawa, eti?", atasema ni sawa.

Bomba nalo lilingane na kiasi. Bomba la 5 ml mara nyingi lina mistari ya 0.2 ml, na la 2 ml lina mistari ya 0.1 ml. Kwa bomba hizo, 0.38 ml ni kubahatisha tu. Na unapoandika, andika 0.5 na si .5, kwa kuwa nukta isiyo na sifuri mbele hupotea na dozi ikawa 5. Andika 5 na si 5.0, kwa kuwa hiyo husomeka 50. Neno "yuniti" liandike lote. Herufi U iliyobanana na namba 10 imeshasomwa 100 mara nyingi mno duniani.

Insulini ina bomba lake, lenye mistari ya yuniti. Insulini tulizo nazo nyingi zina yuniti 100 katika ml 1, hivyo yuniti 10 ni 0.1 ml tu, tone dogo. Usiivute kwa bomba la 2 ml wala la 5 ml. Kama bomba za insulini zimekwisha, mwambie sista wa zamu zitafutwe. Ile yenye ukungu huviringishwa taratibu viganjani mara 10 hadi 20 mpaka iwe na weupe mmoja. Ukiitikisa kwa nguvu hujaa mapovu na kipimo kinapungua. Ukichanganya mbili kwenye bomba moja, vuta kwanza ile angavu, kisha yenye ukungu, ili ile inayofanya kazi taratibu isiingie kwenye kichupa cha ile ya haraka.

Dawa za unga na maji yake

Kila dawa ya unga ina maji yake, kiasi chake na muda wake wa kuisha baada ya kuchanganywa. Nitataja chache utakazokutana nazo karibu kila wiki.

Artesuneti ya malaria kali, kichupa cha 60 mg, huja na ampuli ya 1 ml ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5. Weka baikaboneti kwanza, tikisa mpaka maji yawe angavu kabisa. Kama yamebaki na ukungu, tupa. Baada ya hapo, kwa mshipani ongeza 5 ml za chumvichumvi (maji ya chumvi ya asilimia 0.9) au dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5, upate 10 mg kwa ml. Kwa msuli ongeza 2 ml, upate 20 mg kwa ml. Toa hewa iliyomo kichupani kabla ya kuongeza, la sivyo kisukumio kitarudi nyuma na dawa itamwagika. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupata 3 mg kwa kilo. Wa kilo 20 na zaidi, pamoja na watu wazima, hupata 2.4 mg kwa kilo. Mtu wa kilo 50 anahitaji 120 mg, vichupa viwili: 12 ml akichomwa mshipani, 6 ml akichomwa msulini. Tazama hatari iliyopo hapo. Ukichanganya ya msuli ukavuta kiasi cha mshipa, umetoa dozi maradufu. Ukifanya kinyume, mgonjwa wa malaria kali amepata nusu. Dozi ni saa 0, saa 12 na saa 24, halafu mara moja kila siku mpaka aweze kumeza. Maji ya sindano hayatumiki hapa. Iliyobaki haitunzwi kwa ajili ya dozi ijayo, kwani ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 1. Najua inauma kutupa nusu kichupa wakati stoo ni haba, lakini dawa iliyoharibika haitibu.

Seftriaksoni ya 1 g ikichomwa msulini huchanganywa na 3.5 ml za lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 1, kwa sababu bila hiyo maumivu yake ni makali. Mshipani huchanganywa na 10 ml za maji ya sindano na kusukumwa taratibu kwa dakika 2 hadi 4. Ile yenye lignokeini isiingie mshipani hata siku moja, maana inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na kwa kuwa bomba mbili za seftriaksoni zikilala kwenye trei moja hazitofautishiki, bandika plasta kwenye kila bomba mara tu unapomaliza kuvuta: jina la dawa, kiasi, njia, jina la mgonjwa. Bomba lisilo na maandishi ambalo hukulivuta mwenyewe sasa hivi, tupa. Seftriaksoni pia haikutani na maji ya dripu ya Ringa lakteti, kwa kuwa Ringa ina kalsiamu na viwili hivyo vikikutana hutengeneza chembechembe. Mtoto mchanga hadi siku 28 anayepewa maji yenye kalsiamu mshipani, au anayetarajiwa kupewa, hapewi seftriaksoni kabisa. Fenitoini nayo haitaki dekstrosi, huganda. Ipewe kwenye chumvichumvi tu.

Magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba ndiyo hesabu inayowatoa jasho wanafunzi wa ukunga. Ampuli nyingi ni za asilimia 50: 10 ml zina 5 g, yaani kila 2 ml ni 1 g. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni 4 g kwa nguvu ya asilimia 20. Basi vuta 8 ml za asilimia 50, ongeza 12 ml za maji ya sindano, upate 20 ml. Sukuma taratibu, isipungue dakika 5. Kisha 5 g kila tako, ndani kabisa ya msuli, kila bomba likiwa na 1 ml ya lignokeini ya asilimia 2. Baada ya hapo ni 5 g kila baada ya saa 4, tako moja moja kwa zamu. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza angalia mambo matatu: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui 30 ml kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inangoja na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu ikizidi, 10 ml za asilimia 10, iwe kando ya kitanda tayari, siyo kabatini kwenye chumba kilichofungwa.

Potasiamu kloridi nitaisemea peke yake. Ampuli yake ni maji angavu, na mara nyingi inafanana na ampuli ya maji ya sindano au ya chumvichumvi. Ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa, moyo husimama. Isiwekwe droo moja na maji ya sindano. Ikitiwa kwenye chupa ya dripu, ishushe chupa, igeuze juu chini mara kadhaa, ndipo uitundike. Ukiingiza potasiamu kwenye chupa ambayo tayari inaning'inia, huzama karibu na mdomo wa chupa na kumwingia mgonjwa yote kwa mkupuo, ingawa hesabu yako ilikuwa sawa. Kwa mshipa wa mkononi, mkolezo usizidi 40 mmol (milimoli, kipimo cha kiasi cha madini) kwa lita na kasi ya kawaida isizidi 10 mmol kwa saa.

Chumba cha upasuaji na chumba cha kujifungulia wana jambo lao: asidi ya traneksamiki, inayozuia damu kutoka kwa mama aliyejifungua, imewahi kuchukuliwa badala ya dawa ya ganzi ya uti wa mgongo kwa sababu ampuli zinafanana. Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari juu ya hilo. Dawa hiyo ikiingia kwenye uti wa mgongo huleta degedege, na wengi hufa. Tenganisheni rafu.

Huyu ni nani?

Usiulize "Wewe ndiye Neema?" Mgonjwa mwenye homa, au bibi asiyesikia vizuri, atakuitikia ndiyo. Muulize, "Mama, nitajie majina yako matatu," kisha linganisha na faili na namba ya jalada. Namba ya kitanda haimtambulishi mtu, hasa kwenye wodi ya watoto ambako wawili hulala kitanda kimoja na kina mama huhama kufuata dirisha. Watoto wachanga wasio na jina huandikwa kwa jina la mama, na mapacha huwa "Mtoto wa Asha" wawili. Hakikisha kibandiko cha mkononi au mguuni kina namba ya pacha na jinsia.

Aleji pia iulize kwa lugha ya kawaida. "Umewahi kumeza au kuchomwa dawa ukawashwa, ukavimba uso au ukakosa pumzi?" itakupa jibu ambalo "Una aleji?" haitakupa.

Na saa. Karatasi ya dawa huandikwa kwa saa za kizungu, sisi tunasema za Kiswahili. Dawa ya kila baada ya saa 8 hutolewa 0600, 1400 na 2200, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Unapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na vidonge, usimwachie "1x3" kwenye bahasha. Mtajie saa zenyewe, na aseme yeye kabla hajaondoka. Wapo waliosikia "kila saa nane" wakameza kidonge kimoja tu, saa 8 mchana.

Dawa za kunywa hazina sherehe, lakini zina mtego uleule wa nguvu. Parasetamoli ya maji ipo ya 120 mg kwa 5 ml na ipo ya 250 mg kwa 5 ml. Mtoto wa kilo 12 kwa 15 mg kwa kilo anahitaji 180 mg, ambayo ni 7.5 ml za ile ya kwanza. Pima kwa bomba au kikombe chenye mistari, siyo kijiko cha chai. Vidonge vya kuachilia dawa polepole, kama nifedipini ya retadi, havisagwi, maana ukisaga, dozi ya saa nyingi inaingia mara moja.

Sasa ngozi

Nawa mikono kabla ya kuandaa na kabla ya kuchoma. Pamba zilizolowekwa tangu asubuhi kwenye galipoti (kikombe cha chuma) ya spiriti ziache. Kila mkono unaochovya humo huacha vijidudu, na baadhi yake huishi. Lowesha pamba kavu kwa spiriti ya asilimia 70 wakati uleule unaoitumia, safisha kutoka katikati kwenda nje, kisha ngoja sekunde 30 ikauke. Ngozi ikiwa bado mbichi, spiriti huingia na sindano na ndiyo sehemu kubwa ya ule mwasho wanaolalamikia wagonjwa. Kwa chanjo, ngozi safi inatosha. Yenye uchafu ioshwe kwa maji.

Mpira wa kichupa nao unasafishwa, hata kama umetoka kufunguliwa. Ingiza hewa sawa na dawa unayotaka kuvuta, ndipo ugeuze kichupa na kuvuta. Sindano haiachwi imechomekwa kwenye kichupa cha dozi nyingi ili "kila mtu avute", kwani huo ni mlango wa vijidudu ulioachwa wazi kutwa nzima. Andika tarehe na saa ya kufungua. Ampuli ya kioo ivunje kwa kitambaa cha gozi, ukiielekeza mbali na uso wako.

Sindano hutambulika kwa rangi ya shina: kijani ni geji 21 (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa ndogo sindano ni nene zaidi), nyeusi 22, buluu 23, chungwa 25. Kanula, vile vimrija vinavyoachwa mshipani, zina mpangilio mwingine kabisa, kwani kanula ya kijani ni geji 18, ya waridi 20, ya buluu 22, ya njano 24. Mtu mzima wa kawaida kwenye msuli, tumia geji 21 au 23 yenye urefu wa milimita 25 hadi 38. Mwenye mafuta mengi akichomwa kwa sindano fupi, dawa hubaki kwenye mafuta, hufyonzwa polepole na kuacha uvimbe mgumu. Mtoto mchanga, geji 23 au 25 ya milimita 16 hadi 25.

Mahali pa kuchoma ndipo ningependa mazoea ya wodi nyingi yabadilike. Tako, robo ya juu kwa nje, ndilo linalochomwa zaidi, na ndilo lililo jirani na neva ya siatiki, neva kubwa ya mguu. Mkono ukishuka au ukiingia ndani kidogo, unyayo wa mgonjwa hulegea, anauburuta, na wengine hawaponi. Uganda kumeandikwa mengi kuhusu watoto waliopooza mguu au kukakamaa misuli ya tako baada ya kuchomwa hapo, nyingi zikiwa sindano za kwinini. Mtoto mdogo hachomwi tako. Mchome paja, kwa nje: gawanya umbali kati ya nyonga na goti mara tatu, chukua theluthi ya katikati, sehemu ya nje kidogo ya mbele. Mtoto mchanga asizidishiwe 0.5 ml hapo, mkubwa kidogo 1 ml. Artesuneti ina kipimo chake: ikizidi 2 ml kwa mtoto mdogo, igawe mapaja yote mawili.

Kwa mtu mzima, jifunze nyonga ya pembeni. Hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa pale, na mafuta ni machache. Mgonjwa alale ubavu, goti la juu likunjwe kidogo. Kwa nyonga ya kulia tumia mkono wako wa kushoto. Kiganja kikae juu ya kile kifundo cha mfupa kinachochomoza juu ya paja, kidole gumba kielekee kwenye kinena, cha shahada kiguse ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kisha panua kidole cha kati kwa nyuma kufuata ukingo wa mfupa. Mwanya uliopo kati ya vidole hivyo viwili, katikati yake, ndipo pa kuchoma. Jizoeze kuutafuta kwenye nyonga ya mwenzako mara nyingi bila sindano. Mwanzoni utapapasa, baadaye mkono unajiendea wenyewe.

Begani ni kwa ujazo mdogo, hadi 1 ml: vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ukipanda sana unaingia kwenye kiungo na mgonjwa anabaki na bega linalouma kwa miezi.

Msulini sindano iingie nyuzi 90, kwa mwendo mmoja usiositasita. Vutia ngozi pembeni sentimita 2 hadi 3 kwa mkono mwingine, choma, sukuma kwa kasi ya sekunde 10 kwa kila ml, ngoja sekunde 10, chomoa, ndipo uachie ngozi. Njia ya dawa inajifunga na haivuji. Ni lazima kwa dawa za madini ya chuma, ambazo hutia ngozi doa lisilotoka, lakini faida yake iko kwa sindano zote za msuli.

Je, uvute kisukumio nyuma kuangalia damu? Kwa chanjo za begani na pajani, hapana. Hakuna mshipa mkubwa pale, na inaongeza maumivu tu. Kwa tako, ndiyo. Na kwa penisilini ya benzathini, ndiyo tena taratibu, sekunde 5 hadi 10, kwa sababu ni uji mzito ambao ukiingia mshipani unaweza kuua. Dawa hii huwasumbua wengi kwa kuziba. Changanya, vuta, weka sindano mpya ya geji 21 au nene zaidi, choma papo hapo kabla haijatuama, usukume taratibu bila kusimama. Dozi ya yuniti milioni 2.4 igawe nusu kila upande. Ikiziba njiani, usilazimishe. Chomoa, badilisha sindano, choma upande mwingine.

Chini ya ngozi, bana nyama uchome nyuzi 45. Sindano fupi za insulini zinaweza kuingia nyuzi 90. Tumboni kaa mbali na kitovu kwa sentimita 5 na uhamehame, kwani sehemu ileile kila siku huota mafuta magumu yasiyofyonza insulini. Ndani ya ngozi, kama BCG (chanjo ya kifua kikuu), ni nyuzi 10 hadi 15, tundu la ncha likitazama juu, sindano karibu ilale juu ya ngozi. Mtoto wa chini ya mwaka 1 hupata 0.05 ml. Utahisi ukinzani, na kipele cheupe cha milimita 5 hivi kitainuka chenye vitundu kama ganda la chungwa. Usipohisi ukinzani, umeshaingia chini ya ngozi, na jipu linaweza kufuata. Tanzania BCG huchomwa bega la kulia, Kenya mkono wa kushoto sehemu ya chini ya kiwiko. BCG iliyochanganywa haivuki saa 6.

Mshipani, kabla ya dawa yoyote pitisha chumvichumvi 5 ml kwenye kanula. Mgonjwa akikunja uso, pakivimba, au ikikataa, kanula hiyo imekufa. Usiisukume kwa nguvu. Pitisha tena 5 ml kati ya dawa moja na nyingine. Kasi ni sehemu ya dozi: diazepamu isizidi 5 mg kwa dakika kwa mtu mzima, kwa sababu ikisukumwa haraka inaweza kusimamisha pumzi. Dripu ya 1,000 ml kwa saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa ml, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu dakika nzima kwa saa yako, na rudi uhesabu tena mgonjwa akishageuka, maana mkono ukikunjwa matone hubadilika.

Baada ya kuchomoa

Sindano haifunikwi tena. Sanduku la usalama lifuate mgonjwa alipo, siyo wewe utembee wodi nzima na sindano mkononi. Likifika robo tatu, fungeni. Watu wengi hujichoma wakishindilia lililojaa.

Rekodi baada ya kutoa, kamwe si kabla. Karatasi iliyotiwa saini mapema, mgonjwa akiwa amekwenda eksirei, ni dozi iliyopotea bila mtu kujua. Mgonjwa akikataa, andika amekataa na sababu yake, mwambie sista.

Kaa naye kidogo, hasa baada ya penisilini na seftriaksoni. Midomo kuvimba, vipele, kukohoa ghafla, kuishiwa nguvu, hiyo ni aleji kali: adrenalini ya 1 mg kwa ml, 0.5 ml msulini, paja kwa nje, kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hupata 0.3 ml, chini ya hapo 0.15 ml. Rudia baada ya dakika 5 kama hajatengemaa. Wengine hukimbilia haidrokotisoni kwanza, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Adrenalini ndiyo ya kwanza.

Ukigundua umetoa dawa isiyo yake au dozi iliyozidi, mwambie sista wa zamu na daktari dakika hiyohiyo, huku mgonjwa akiangaliwa. Dakika za kwanza ndizo zenye dawa ya kurekebisha, na muda unaoutumia kufikiria utaambiwa nini unamnyima mgonjwa nafasi hiyo.

Ukijichoma wewe, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usitie jiki. Toa taarifa mara moja. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 2, na si baada ya saa 72, kwa siku 28. Hatari ya VVU kwa jeraha moja la sindano ni karibu asilimia 0.3, lakini ya homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika asilimia 30. Chanjo yake ni dozi tatu: mwanzo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Ianze muhula wa kwanza, kabla jina lako halijapangwa kwenye ratiba ya wodi.